Nani Arushe Awamu ya Tisa?

SHABIKI: Kabla warushaji hawajafungasha mizigo kuondoka kambini Florida, kuna jambo moja nalitaka kwa meneja wa Boston Red Sox. Asimame aseme wazi: hawa watano ndio watakaoanza mechi kwa kupokezana, huyu atashika awamu ya saba, huyu ya nane, na huyu ndiye mmaliziaji, awamu ya tisa ni yake. Msimu una mechi 162, karibu kila siku, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Mtu hawezi kuamka kila asubuhi kwa miezi sita bila kujua anaitiwa kazi gani. Kila mwaka tunaambiwa "tutaona", tunaambiwa "kila mmoja yuko tayari kwa lolote". Maneno hayo yananitia hofu. Timu ambayo watu wake hawajui nani anafanya nini huanza kutazamana kwa mashaka wiki ya kwanza tu ya Aprili.

MTAKWIMU: Kaka, mechi ina awamu tisa na hatari haingoji ya tisa. Mara nyingi mambo huamuliwa awamu ya sita: besi zote tatu zimejaa wapinzani, hakuna hata mmoja aliyetolewa, na anayeshika gongo ni mpigaji wao bora. Wewe unataka wakati huo mrushaji wetu hodari kuliko wote akae kwenye benchi la akiba kwa sababu saa yake haijafika. Mimi nataka aingie hapo hapo. Ukifika awamu ya tisa unaongoza kwa pointi tatu, karibu mrushaji yeyote wa ligi kuu atakumalizia mechi.

SHABIKI: Hilo tumelijaribu, na tulilijaribu sisi. Mwaka 2003 meneja mkuu wetu alikuwa Theo Epstein, kijana kabisa, na klabu ilikuwa imemwajiri Bill James, bingwa wa takwimu za besiboli, awe mshauri. Wakaja na wazo lako hilo hilo: hakuna mmaliziaji, kuna kundi. Machi 31, mechi ya kwanza ya msimu, tuko ugenini kwa Tampa Bay. Pedro Martínez amerusha awamu saba, tunaingia ya tisa tunaongoza 4-1. Tukafungwa pointi tano katika awamu moja. Pigo la mwisho lilikuwa la Carl Crawford. Aliupokea mpira wa Chad Fox akaupeleka nje ya uzio, watu watatu wakarudi nyumbani, mechi ikaisha 6-4. Ilikuwa siku ya kwanza, na tayari swali la nani mwenye kazi lilikuwa mdomoni mwa mji mzima.

MTAKWIMU: Na jibu la mji mzima halikuwa sahihi. James hakusema mtu yeyote arushe wakati wowote. Alisema aliye bora arushe wakati wa hatari kubwa. Boston ilichukua neno "kundi" bila kuwa na huyo aliye bora. Upungufu wa watu usiusingizie wazo. Na kama unataka tupimane kwa usiku mmoja mmoja, twende Toronto, Oktoba 4, 2016, mechi moja ya mtoano, anayefungwa anarudi kwao. Baltimore wana Zach Britton. Msimu ule alipewa mechi 47 za kumalizia akazimaliza zote 47, na wastani wake ulikuwa pointi 0.54 kwa kila awamu tisa. Mechi iko sare, awamu ya tisa inapita, ya kumi inapita, ya 11 inafika. Meneja Buck Showalter bado anamhifadhi, kwa sababu mmaliziaji huingia timu ikiongoza. Akamtuma Ubaldo Jiménez. Edwin Encarnación akaupiga mpira ukatoka nje, pointi tatu, Baltimore kwaheri. Britton hakurusha hata mpira mmoja. Hicho ndicho cheo unachokitaka kitangazwe Februari.

SHABIKI: Showalter alishindwa kwa ukaidi wake. Cheo si jela. Sijasema mmaliziaji afungwe mnyororo hadi awamu ya tisa. Nimesema ajue kwamba kwa kawaida ile ni yake, ili akitolewa kwenye kawaida ajue ni dharura. Mtazame Mariano Rivera, ambaye hata mimi wa Boston sina budi kumvulia kofia. Alimaliza na kuokoa mechi 652, hakuna aliyemfikia, na mwaka 2019 akawa wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa kule Cooperstown kwa kura zote bila moja kupungua. Alijua kazi yake kwa miaka zaidi ya 15. Yankees wote walijua. Hata sisi tuliokuwa tunaomba ashindwe tulijua.

MTAKWIMU: Umeruka mwaka 1996. Mwaka ule Rivera hakuwa mmaliziaji, alikuwa John Wetteland. Rivera aliingia awamu ya saba na ya nane, mara nyingi awamu mbili nzima, akarusha zaidi ya awamu 107, na Yankees wakatwaa ubingwa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipowafaa zaidi, maana alizima moto mapema.

SHABIKI: Awamu ya saba na ya nane, halafu Wetteland. Hebu jisikilize, ndugu yangu. Umenitajia kazi mbili zilizogawanywa vizuri kuliko nilivyoomba mimi.

MRUSHAJI MSTAAFU: Vijana wangu, mnagombania saa ya kuingia uwanjani. Mimi nimekaa kwenye benchi la akiba, na kazi huanza kabla ya hapo. Simu inalia. Kocha anasema inuka, pasha. Unaanza polepole, kisha unarusha kwa nguvu zote, mwili unachemka, uko tayari. Mwenzako aliyeko uwanjani anajiokoa. Simu inalia tena: kaa chini. Awamu inayofuata, inuka. Mechi inakwisha hujaingia. Kesho yake jina lako halimo popote, na kwa hesabu ya bwana huyu wewe ulipumzika. Bega lako linajua hukupumzika. Mmaliziaji mwenye kazi inayojulikana hunyoosha viungo awamu ya sita, hurusha mipira michache ya nane, huingia ya tisa au haingii. Asiyejulikana kazi yake huinuliwa mara tatu kwa usiku. Mkisema kila mmoja awe tayari kwa lolote, hiyo ndiyo tafsiri yake kwenye mkono wa mtu.

MTAKWIMU: Siku hizi vilabu huandika hata mipira ya kupasha, mzee.

MRUSHAJI MSTAAFU: Huandika. Lakini daftari hilo mchezaji halioni likiwekwa mezani siku ya kuzungumzia mshahara. Tutafika huko.

MTAKWIMU: Nakubali kuhusu mwili. Ila mazoea ya kumwamini mtu kwa jina lake yana hasara kubwa zaidi, na Boston mnaijua. Oktoba 16, 2003, Yankee Stadium, mechi ya saba ya kuwania ubingwa wa American League. Mnaongoza 5-2, awamu ya nane. Pedro amekwisha kupita mipira 100, na ilijulikana kwamba akipita hapo wapigaji humsoma. Meneja Grady Little akapanda hadi kwenye kilima cha mrushaji, akamwuliza kama bado anaweza, Pedro akakubali, Little akarudi kukaa. Yankees wakasawazisha. Pedro aliondoka amerusha mipira 123. Awamu ya 11 Aaron Boone akaupiga mpira wa kwanza wa Tim Wakefield, ukapotelea kwa watazamaji. Takwimu zilikuwepo, na meneja akachagua heshima ya mtu.

SHABIKI: Usiku ule unaniuma hadi leo, wala sitaki kuutetea. Lakini dawa mliyotuletea imekuwa kali kuliko ugonjwa. Oktoba 27, 2020, Arlington, Texas, mechi ya sita ya fainali, World Series. Tampa Bay wanaongoza 1-0. Blake Snell ametoa tisa kwa straiki tatu, amepigwa mara mbili tu, amerusha mipira 73. Wapigaji watatu wa kwanza wa Dodgers, Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, wamemkabili mara mbili kila mmoja na mara zote sita wametolewa kwa straiki. Awamu ya sita, baada ya pigo moja dogo, meneja Kevin Cash anatoka kumchukulia mpira mkononi. Betts mwenyewe alionekana kufurahi. Akaingia Nick Anderson, Betts akampiga, mpira mwingine ukamponyoka mdakaji, Dodgers wakatangulia, na ubingwa wakaondoka nao, 3-1. Unaniambia nini hapo?

MTAKWIMU: Nakwambia Snell msimu ule wote hakuwahi kukamilisha awamu sita katika mechi hata moja. Nakwambia wapigaji humwona mrushaji vizuri zaidi wanapomkabili mara ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaanza. Na nakwambia pia kosa lilikuwepo, ila si la kumtoa Snell. Lilikuwa la kumwingiza Anderson, ambaye alikuwa amefungwa pointi katika mechi kadhaa mfululizo za mtoano. Aliyekuwa bora Agosti hakuwa bora tena Oktoba.

SHABIKI: Basi Anderson naye aliaminiwa kwa jina. Tofauti ni kwamba jina lake liliandikwa kwa tarakimu. Little alimwuliza mchezaji na asimpime. Cash alimpima na asimwulize. Mimi kama shabiki najua ni lipi linalovunja timu haraka zaidi. Mchezaji akiona mwenzake amefanya kila alichoombwa na bado anavuliwa, kesho atajitoa kwa kiasi.

MTAKWIMU: Wachezaji wa Tampa Bay hawakujitoa kwa kiasi. Ndio waliotufundisha kwamba hata mwanzo wa mechi unaweza kugawanywa. Mei 19, 2018 walimwanzisha Sergio Romo, mmaliziaji wa siku nyingi, dhidi ya Los Angeles Angels. Awamu moja tu: watatu wa kwanza wote akawatoa kwa straiki. Kesho yake akaanzishwa tena. Ryan Yarbrough, aliyekuwa akiingia nyuma ya waanzaji kama huyo, alishinda mechi 16 mwaka ule. Klabu yenye mfuko mdogo ikashinda mechi 90. Huwezi kuniambia ile ilikuwa timu isiyo na moyo.

MRUSHAJI MSTAAFU: Ilikuwa na moyo, mwanangu. Nami nauliza moyo huo ulilipwa nini. Sasa tufike pale nilipoahidi. Februari 2017, Dellin Betances wa Yankees. Miaka mitatu mfululizo amechaguliwa kwenye timu ya nyota. Akiitwa ya sita anaingia, ya saba anaingia, ya nane anaingia, mara nyingine anavuka awamu mbili. Ndiye hasa mrushaji unayemtamani, bwana Mtakwimu. Akaomba dola milioni 5. Klabu ikasema milioni 3. Wakaenda kwa wasuluhishi, na hoja ya klabu ilikuwa kwamba yeye si mmaliziaji. Akashindwa. Halafu rais wa klabu, Randy Levine, akazungumza na waandishi wa habari akirudia hilo hilo: mrushaji wa awamu ya nane hawezi kudai fedha za wa tisa. Kwa hiyo uwanjani aliambiwa awamu hazina maana, mezani akaambiwa awamu ndiyo kila kitu.

MTAKWIMU: Hapo huna mpinzani ndani yangu. Ile hesabu ya "mechi zilizookolewa" ilibuniwa na mwandishi wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, ikawa rasmi mwaka 1969. Inampa sifa anayemaliza akiwa anaongoza kwa pointi tatu au pungufu, hata kama hakuna aliyemtishia. Haisemi lolote kuhusu aliyezima hatari awamu ya saba. Ni kipimo kibovu na kimepotosha mishahara kwa nusu karne. Lakini kipimo kikiwa kibovu, tubadilishe kipimo. Tusipange warushaji vibaya ili kukitii.

SHABIKI: Na mpaka kibadilike, Betances ale nini?

MRUSHAJI MSTAAFU: Ngoja, sijamaliza. Kwenye benchi lile lile la Yankees alikuwepo Andrew Miller. Desemba 2014 alisaini miaka minne kwa dola milioni 36. Mwaka 2015 alikuwa mmaliziaji, akaokoa mechi 36. Mwaka uliofuata klabu ikamleta Aroldis Chapman na kumpa awamu ya tisa; Miller akarudi nyuma bila neno. Julai akauzwa Cleveland. Oktoba meneja wake Terry Francona akawa anamwita hata awamu ya tano, popote palipowaka, na Miller akachaguliwa mchezaji bora wa mfululizo uliowapeleka World Series. Kila mtu akamsifu kwa kuitanguliza timu. Alistahili. Lakini tazameni vizuri: mshahara wake ulikuwa umekwisha kuandikwa. Awamu ya tano haikumpunguzia senti. Betances alikuwa na moyo ule ule, akafanya kazi ile ile, na moyo wake ukatumiwa dhidi yake. Mnapozungumzia tabia ya timu kabla ya msimu, nani anajitolea na nani mbinafsi, ulizeni kwanza nani amelipwa na nani bado.

SHABIKI: Mzee, nakuheshimu, ila si kila kitu fedha. Oktoba 2004. Francona huyo huyo, wakati ule yuko kwetu. Yankees wametushinda mechi mbili, na ya tatu, Fenway Park, wanatutandika, iliisha 19-8. Wakefield ndiye aliyepangwa kuanza mechi ya nne. Yule yule aliyepigwa na Boone mwaka mmoja kabla, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuitaka nafasi hiyo. Akamwendea meneja, akajitolea kuingia katika mechi iliyokwisha kuharibika, arushe awamu zisizo na maana ili wenzake wapumzike. Alizirusha. Nafasi yake ya kuanza akapewa Derek Lowe, ambaye alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya waanzaji. Mechi ya nne tukashinda awamu ya 12, ya tano tukashinda awamu ya 14, na aliyekuwa kilimani awamu tatu za mwisho ni Wakefield. Lowe akaanza ya saba akiwa na siku mbili tu za kupumzika, awamu sita, pigo moja. Hatukuwa tumeona ubingwa tangu 1918.

MTAKWIMU: Umenipa ushahidi wangu wote kwa mkono wako mwenyewe. Wakefield mwanzaji akageuka wa akiba. Lowe wa akiba akageuka mwanzaji, na si mara ya kwanza: mwaka 2000 aliokoa mechi 42, mwaka 2002 akashinda 21 kama mwanzaji. Keith Foulke, mmaliziaji wenu mliyemsajili kwa sababu ya balaa la 2003, katika mechi ile ya nne aliingia awamu ya saba. Ya saba, kaka! Warushaji viraka ndio waliokupa ubingwa.

SHABIKI: Hapana. Mtu hutoa alicho nacho. Wakefield alikuwa na mechi ya kuanza, mali yake, iliyotangazwa, na akaitoa. Ndiyo maana tulilia. Kama angekuwa mmoja wa kundi la watu wasio na kazi maalumu, angetoa nini? Angeitwa tu, angeingia tu, na hakuna ambaye angekumbuka. Foulke kuingia ya saba kuliwatikisa wenzake kwa sababu wote walijua ya tisa ndiyo yake, kwa hiyo walielewa kwamba leo ni leo. Ukifuta vyeo kuanzia Machi umefuta na uwezo wa mtu kujitoa Oktoba.

MRUSHAJI MSTAAFU: Na Wakefield hakuamriwa. Alikwenda mwenyewe.

MTAKWIMU: Basi nikuulize kuhusu asiyekwenda mwenyewe. Mwaka 2024, Garrett Crochet yuko Chicago White Sox. Maisha yake yote ya ligi kuu alikuwa mrushaji wa akiba, amefanyiwa upasuaji wa kiwiko, na ule ni mwaka wake wa kwanza wa kuanza mechi. Timu yake ni mbovu mno, vilabu vikubwa vinamtaka kwa ajili ya Oktoba. Ikaripotiwa kwamba upande wake umesema hatarudishwa kwenye akiba, na kama anatakiwa kurusha hadi Oktoba basi kwanza mkataba mrefu. Wangapi walimwita mbinafsi? Kwa kipimo chako cha Wakefield, huyu alikataa kutoa.

SHABIKI: Kwa kipimo changu aliomba kuijua kazi yake. Nafasi hiyo alikuwa ndiyo kwanza ameipata, na kiwiko ni chake. Boston ikamnunua, ikamwahidi kuanza, ikampa miaka sita na dola milioni 170. Umeona alichorudisha mwaka 2025? Awamu 205 na theluthi, watu 255 kwa straiki, hakuna aliyemzidi katika American League. Septemba 30, New York, mechi ya kwanza ya mtoano, alirusha mipira 117, akatoa 11 kwa straiki, akafika awamu ya nane. Aliyebaki ni Chapman peke yake, yule yule aliyekuwa Yankees, sasa akiwa wetu; Yankees wakamjazia besi zote awamu ya tisa bila aliyetolewa, na akatoka bila pointi. Tukashinda 3-1 kwa warushaji wawili, mwanzaji na mmaliziaji. Kila mmoja mahali pake.

MTAKWIMU: Na mechi mbili zilizofuata Boston ilifungwa, ikarudi nyumbani. Crochet mmoja huanza siku moja kati ya tano. Siku nne nyingine unahitaji watu wengi wanaoweza mengi. Wakati huo huo Dodgers walikuwa wanamtumia Roki Sasaki, waliyemleta kutoka Japani awe mwanzaji, kama mmaliziaji. Na Yoshinobu Yamamoto! Mechi ya pili ya World Series, Toronto, alirusha awamu zote tisa. Oktoba 31 akaanza mechi ya sita, mipira 96, akashinda. Kesho yake, Novemba 1, mechi ya saba, akaingia kutoka akiba na kurusha awamu mbili na theluthi mbili, hadi wa mwisho akatolewa awamu ya 11. Mwanzaji gani, mmaliziaji gani? Alikuwa mrushaji tu.

MRUSHAJI MSTAAFU: Nilisimama kumpigia makofi kama kila mtu. Lakini baada ya Novemba 1 hakukuwa na mechi hadi msimu mwingine. Usiku wa mwisho mtu hutumia vyote. Ninyi mnabishania Februari, na Februari inaangalia mechi 162. Mnakumbuka Sandy Alcantara wa Miami? Mwaka 2022 alimaliza mechi sita peke yake, mwanzo hadi mwisho, nyingi kuliko timu nyingine yoyote kwa jumla. Akapata tuzo ya Cy Young kwa kura zote. Mwaka uliofuata kiwiko kikaachia, akakosa msimu mzima wa 2024.

MTAKWIMU: Ndiyo maana tunagawanya mzigo.

MRUSHAJI MSTAAFU: Mmeugawanya, na viwiko vinazidi kukatika. Tangu daktari Frank Jobe alipomtengeneza Tommy John mwaka 1974 kwa kuhamisha kano kutoka mkono mwingine, upasuaji ule umekuwa jambo la kawaida hata kwa vijana wa shule. Mlipomwambia mtu "una awamu moja tu, toa vyote", alitoa vyote. Mpira wa kasi ulikuwa na wastani wa maili 91 kwa saa mwaka 2008; mwaka 2024 ulikuwa 94. Kasi hiyo inatoka kwenye kano. Mrushaji wa zamani alijua ana awamu saba mbele yake, akaweka akiba. Wa leo hajui kama ataitwa ya tano au ya tisa, leo au kesho, na anajua tangu 2022 orodha ina nafasi 13 tu za warushaji. Akipunguza kasi, kuna kijana ligi ndogo anasubiri basi. Kila mrushaji akiniuliza nichague nini, namwambia chagua klabu itakayokueleza kazi yako na itakayokulipa inapoibadilisha.

MTAKWIMU: Kulipa nakubali. Andikeni kwenye mikataba kwamba malipo yafuate ukubwa wa hatari aliyoingilia mtu, mipira ya kupasha ihesabiwe, na mechi zilizookolewa zisitajwe kabisa. Nitakuwa wa kwanza kusaini. Lakini kumweleza kazi yake? Februari sijui nani atakuwa mzima Juni. Meneja akitangaza mmaliziaji na akaumia wiki ya tatu, au akapoteza mwelekeo kama Anderson, tangazo hilo linakuwa deni. Kulivunja ni aibu kwa mchezaji, kulishika ni hasara kwa timu. Bora asiahidi.

SHABIKI: Asipoahidi wanajua kwamba hakuna anayewadai wala wanayemdai. Hiyo ndiyo timu unayotaka nilipie tiketi Aprili?

MTAKWIMU: Nataka ulipie tiketi ya Oktoba.

SHABIKI: Oktoba ya 2004 ilianza kambini, meneja alipomwambia Foulke awamu ya tisa ni yako. Kabla ya hapo tulikuwa na kundi.

MTAKWIMU: Na iliposhindikana mechi ya nne, ahadi hiyo ilivunjwa awamu ya saba.

MRUSHAJI MSTAAFU: Ilivunjwa na mtu aliyemwambia kabla. Meneja anaweza kusema Februari, mbele ya wenzake wote: ya tisa ni yako, na siku nikiiona hatari mapema nitakuita mapema, na hutapoteza senti kwa hilo. Je, hayo ni mengi?

MTAKWIMU: Ya kwanza na ya pili si mengi. Ya tatu meneja hana uwezo nayo, mzee. Hiyo iko kwa mwenye klabu.

SHABIKI: Basi na yeye aje kambini.